Kumzoesha Mtoto Kuvaa Kinga ya Meno Michezoni: Mwongozo kwa Wazazi na Makocha

Mtoto anapoitema kinga ya meno muda mfupi baada ya kuivaa, watu wazima walio kando ya uwanja huwa wepesi kusema kwamba ni mkaidi au amedekezwa. Mara nyingi sivyo. Kinga ile inamchoma ufizi, au inamgusa nyuma ya kaakaa mpaka anahisi kutapika, au imelegea kiasi kwamba analazimika kuiuma muda wote ili isidondoke, naye hana maneno ya kulieleza hilo mbele ya kocha na wenzake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kifaa chenyewe kabla ya kumgeukia mtoto. Kinga isiyomkaa vizuri haizoeleki hata kwa mwezi mzima, ilhali ile inayomkaa vizuri huzoeleka kwa wiki moja au mbili za mazoezi ya upole nyumbani.

Watoto wanaoihitaji hapa Uganda si wachache. Wapo wanaoanza raga shuleni na katika viwanja kama Kyadondo, wapo wa mpira wa magongo kule Lugogo, wa masumbwi katika mitaa ya Kampala na Jinja, wa taekwondo, na hata wa mpira wa kikapu, ambako kiwiko cha mwenzako hupanda usoni bila mtu yeyote kukusudia. Katika masumbwi ya ridhaa hakuna anayeruhusiwa kupanda ulingoni bila kinga. Katika michezo mingine uamuzi mara nyingi huachiwa shule, klabu au mzazi, na hapo ndipo watoto wengi hucheza meno yakiwa wazi.

Ni vema mzazi ajue kinga inafanya nini na haifanyi nini, kwa sababu mtoto atamuuliza. Inautawanya mshindo wa pigo ili usilishukie jino moja, na inautenga mdomo, shavu na ulimi na makali ya meno. Haijathibitishwa kwamba inazuia mtikisiko wa ubongo, kwa hiyo mtoto aliyegongwa kichwani atolewe uwanjani na kuchunguzwa hata kama alikuwa ameivaa. Meno yanayoumia zaidi ni yale mawili ya mbele juu. Ya kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 7 au 8 hivi, na mzizi wake huendelea kukua kwa takriban miaka 3 baada ya jino kuonekana. Ina maana kwamba mtoto wa darasa la tatu anayetuonyesha meno yake mapya kwa fahari anacheza na meno ambayo bado hayajamaliza kujengeka.

Hatua ya kwanza: Chagua kinga inayolingana na kinywa chake

Kinga za meno ziko za aina tatu. Ya kwanza huuzwa ikiwa na umbo lake tayari na huvaliwa kama ilivyo. Hiyo haishiki meno, hukaa mahali pake kwa sababu tu mtoto ameiuma, na akifungua kinywa ili avute pumzi inadondoka. Ukikuta mtoto anaichukia kinga yake, tazama kwanza kama si ya aina hii. Ikiwa ndiyo, usipoteze siku nyingi kumbembeleza aizoee, bali tafuta nyingine.

Aina ya pili hulainishwa kwa maji ya moto kisha huumwa ikiwa laini, ili ichukue umbo la meno ya mvaaji. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno baada ya kuchukua nakala ya meno ya mtoto, nayo hukaa vizuri kuliko zote na humruhusu kuzungumza na kupumua karibu kama kawaida. Tatizo lake kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 ni kwamba meno yao yanabadilika: la utotoni linang'oka, la kudumu linachomoza, na kinga iliyogharimu fedha nyingi mwezi Februari inaweza kukataa kuingia kabla ya Septemba. Kwa maoni yangu, familia nyingi zenye mtoto wa umri huo zitafaa zaidi kununua ile ya kulainishwa, kuitengeneza kwa uangalifu mkubwa, na kuibadilisha kila inapobidi. Ile ya daktari iwekwe akiba kwa kijana ambaye meno yake ya kudumu yametimia, au kwa mtoto ambaye ile ya pili imeshindikana kabisa.

Zipo hali ambazo hazitaki kubahatisha. Mtoto mwenye waya za kunyoosha meno asitengenezewe kinga ya kawaida ya kulainishwa, kwa kuwa plastiki laini huingia kati ya waya na huweza pia kuyazuia meno yasisogee jinsi daktari alivyopanga. Mtoto mwenye jino lililooza au ufizi uliovimba atibiwe kwanza. Mjini Kampala unaweza kumpeleka kwenye idara ya meno ya Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago au ya Hospitali ya Mengo, lakini kama unataka kutengenezewa kinga, uliza kwanza kama kazi hiyo wanaifanya. Aliye mbali na mji anaweza kumwona mhudumu wa afya ya meno katika hospitali ya wilaya, ambaye atakikagua kinywa na kukueleza kama kuna jambo la kurekebishwa kabla ya kununua.

Unapokwenda dukani, nenda na mtoto. Mwache achague rangi, kwa kuwa mtoto huivaa kwa moyo zaidi kinga aliyoichagua mwenyewe. Kama anacheza masumbwi, mweleze mapema kwamba nyekundu haikubaliki, kwa sababu mwamuzi lazima aweze kuiona damu. Soma umri ulioandikwa kwenye pakiti. Mpaka kati ya ukubwa wa mtoto na wa mtu mzima kwa kawaida uko karibu na miaka 10 au 11, na mtoto mwenye taya ndogo anaweza kuendelea kuvaa ya watoto hata baada ya hapo. Sare ya shule tumezoea kuinunua kubwa ili mtoto akue nayo, lakini kinga ya meno haikubali utaratibu huo, kwa sababu kila milimita inayozidi inaelekea kooni. Halafu, viatu vya mitumba vya soko la Owino vinaweza kumfaa mtoto msimu mzima, lakini kinga iliyokwisha kuumwa na mtu mwingine isinunuliwe wala isipokelewe kama zawadi. Imebeba umbo la meno yasiyo yake, pamoja na vijidudu vya kinywa kisicho chake.

Hatua ya pili: Ipime ikiwa bado kavu

Hatua hii watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua kama mtoto atachefukwa. Kabla ya kuchemsha maji, osha kinga kwa maji safi na umruhusu mtoto aiweke juu ya meno ya juu mbele ya kioo. Mstari wa katikati ya kinga ulingane na nafasi iliyo kati ya meno mawili ya mbele. Kisha tazama inakoishia nyuma. Inatakiwa ifike kwenye gego la kwanza la kudumu, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na isilipite. Ikiwa inalipita, tia alama kwa kalamu pande zote mbili, itoe, kisha ikate kwa mkasi mkali, kidogo kidogo, ukipima kila mara, kwa kuwa ulichokata hakirudi.

Chunguza pia ukingo wa juu, upande wa mbele. Ukiinua mdomo wa juu wa mtoto utaona kijikano chembamba kinachouunganisha na ufizi katikati. Kinga nyingi hukigonga hapo hapo, na mtoto atakuambia tu, "Mama, hapa panauma," huku akigusa chini ya pua. Kata pengo dogo lenye umbo la herufi V mahali hapo, ili kijikano kipate nafasi. Ncha zote ulizokata zilainishwe kwa tupa ya kucha, au kwa mgongo wa kijiko kilichochovywa katika maji ya moto na kukandamizwa juu ya ukingo. Pitisha kidole chako kote. Panapokukwaruza wewe kidoleni, mtoto patamkwaruza zaidi, kwa kuwa ufizi ni laini kuliko ngozi ya kidole.

Hatua ya tatu: Kuilainisha na kuipa umbo

Chagua wakati ambapo mtoto hana usingizi, hana njaa na hajatoka kula sasa hivi. Ikiwa ana jino linalocheza sana na kukaribia kung'oka, subiri ling'oke kwanza, kwa sababu kinga laini inaweza kulishika na kulivuta. Fanya naye jaribio moja bila maji ya moto: aingize, aume taratibu, anyonye hewa na mate ndani ya kinga, asukume ulimi juu kwenye kaakaa, kisha atoe. Akishaujua mtiririko huo, hatashtuka plastiki yenye joto itakapoingia kinywani.

Maelekezo ya pakiti ndiyo ya kufuatwa kuhusu muda, kwa kuwa plastiki hutofautiana. Kwa kawaida kazi huwa hivi. Chemsha maji katika sufuria, yaepue jikoni na umweke mtoto mbali na sigiri. Tumbukiza kinga kwa kijiko chenye matundu kwa sekunde zilizoandikwa, bila kuzidisha, kwa sababu ikilainika kupita kiasi hujikunja na kuta zake hushikana. Itoe, ichovye katika maji ya baridi kwa sekunde moja au mbili, kisha iguse kwa upande wa ndani wa kiganja chako. Iwe ya joto lisilochoma. Wakazi wa nyanda za juu huenda wakajiuliza kama maji yao yana moto wa kutosha, maana Kampala, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 96 hivi, na Kabale, iliyo juu zaidi, joto hilo hupungua zaidi. Joto hilo linatosha kulainisha plastiki hizi, na hakuna haja ya kuongeza muda.

Sasa mtoto aiingize mwenyewe huku wewe ukiiongoza mikono yake, akitazama kioo ili mstari wa katikati usihame. Aume kwa nguvu ya kawaida, si kwa kuikamua, kwa sababu akiikamua meno ya chini yatapenya na kinga itabaki nyembamba pale inapohitajika kuwa nene. Upande wa mbele usipungue milimita 3 hivi. Wakati ananyonya, wewe bonyeza kwa vidole juu ya mdomo na mashavu yake, kutoka katikati kuelekea masikioni, ili plastiki ikumbatie meno na ufizi. Hesabuni pamoja hadi 20 au 30, kulingana na pakiti, kisha aitoe na uitie katika maji ya baridi hadi igande.

Kipimo cha mwisho ni kimoja, nacho hakina huruma: mtoto afungue kinywa wazi bila kuiuma kinga. Ikibaki imeshika meno ya juu, kazi imefanikiwa. Ikidondoka, rudia kuilainisha. Kinga nyingi hustahimili kurudiwa mara moja au mbili tu, kwa kuwa kila mara plastiki hupungua unene. Baada ya hapo ni bora ununue nyingine kuliko kumlazimisha mtoto avae kitu ambacho wewe mwenyewe umeona kimeshindikana.

Hatua ya nne: Siku za mwanzo ziwe za nyumbani

Kosa kubwa linalofanyika katika klabu zetu ni kumkabidhi mtoto kinga mpya asubuhi ya mechi. Siku hiyo ana woga wa mpinzani, ana joto, anahema, na sasa kinywani mwake kuna kitu kigeni. Hata mtu mzima angekitema. Mazoezi ya kuizoea yaanze angalau wiki mbili kabla, nyumbani, mahali ambapo hakuna anayemtazama wala kumcheka.

Siku ya kwanza haivai kabisa. Anaishika, anaiosha, anaiweka katika kikasha chake, anakionyesha kwa bibi na wadogo zake. Siku inayofuata anaiingiza mbele ya kioo, anahesabu hadi kumi kimoyomoyo, anaitoa. Anaweza kurudia mara tatu au nne, kisha mnaacha kabla hajachoka. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika mwongozo huu ni kwamba baada ya siku ya kuipa umbo, mkono unaoingiza na kutoa kinga uwe wa mtoto mwenyewe. Mtoto anayejua kwamba anaweza kuitoa wakati wowote hana haja ya kuitema, lakini yule ambaye mtu mzima amemtia kitu kinywani na kumshikilia taya atakumbuka mkono ule kila atakapokiona kikasha. Mfundishe kuitoa kwa kuivuta chini kutoka pande mbili za nyuma, kwa sababu ukiivuta kutoka mbele peke yake inajipinda na kupoteza umbo.

Akiweza sekunde kumi bila taabu, ongeza hadi dakika moja, kisha dakika tano, huku akifanya jambo linalomshughulisha: kuchora, kufanya kazi ya shule, kuosha vyombo au kutazama mechi katika televisheni. Shughuli ni muhimu, maana mtoto aliyeketi kimya akiisikilizia kinga kila sekunde ataihisi kubwa kuliko ilivyo. Lengo la wiki ya kwanza ni dakika 10 hadi 15 akiwa ametulia. Ikiwa siku moja atashindwa, rudi kwenye muda aliouweza jana na usiseme neno la kulaumu. Asilale nayo, asile nayo, wala asipewe ruhusa ya kuitafuna, kwa sababu kinga iliyotafunwa inalegea, na ikilegea tabu zote za mwanzo zinarudi.

Baada ya kila zoezi, inua mdomo wake utazame ufizi. Mstari mwekundu, sehemu iliyopauka au kidonda kidogo vinakuonyesha hasa mahali pa kulainisha. Rekebisha hapo kwanza, kisha mpe siku moja ya kupumzika.

Mtoto anapochefukwa

Wapo watoto ambao kinga imekatwa vizuri, imeshika vizuri, na bado wanachefukwa. Hawaigizi. Sehemu laini ya nyuma ya kaakaa imeumbwa ili kukifukuza kitu kigeni kisiingie kooni, na kwa baadhi ya watu huamka upesi zaidi. Hofu huizidishia makali, kwa hiyo karipio linaongeza tatizo.

Mfundishe kwanza kupumua kwa pua, polepole, kinga ikiwa bado mkononi. Halafu ashushe kidevu kidogo kuelekea kifuani, kwa sababu mtu anayeinua kichwa hupeleka mate kooni na kuchefukwa zaidi. Akiiingiza, aimbe kwa kunguruma midomo ikiwa imefungwa, wimbo wowote anaoupenda. Anayenguruma anatoa pumzi kwa pua mfululizo, na mara nyingi kichefuchefu hakipati nafasi. Wengine husaidika kwa kuinua mguu mmoja na kuuzungusha hewani, maana akili huhamia huko. Mbinu nyingine wanayoitumia madaktari wa meno ni kuweka chembe chache za chumvi kwenye ncha ya ulimi kabla ya kuingiza kitu kinywani, nayo inafaa kujaribiwa.

Kama bado hajaweza, mwache aanze na sehemu ya mbele tu: aishikilie kwa kidole juu ya meno ya mbele bila kuisukuma hadi mwisho, na kila siku iingie zaidi kidogo. Na kabla ya kukata tamaa, pima tena nyuma. Milimita mbili zilizosahauliwa upande mmoja zimewanyima watoto wengi amani. Lakini usiikate mpaka magego yote yakabaki wazi, kwa sababu kinga iliyofupishwa mno haishiki tena, na inaweza kung'oka na kuingia kooni mchezoni.

Mtoto ambaye hawezi kupumua kwa pua hata akiwa ameketi, anayekoroma kila usiku au mwenye pua iliyoziba miezi yote, aonwe na daktari kwanza, kwa kuwa tatizo lake haliko katika kinga. Mwenye pumu azoeshwe polepole zaidi, na kocha ajue mapema kwamba anapoitoa ili avute pumzi au atumie dawa yake asizuiwe. Mwenye mafua ya siku mbili tatu aache mazoezi ya kinga hadi pua ifunguke.

Mate na sauti

Siku za mwanzo mate yatakuwa mengi, kwa sababu kinywa hudhani kimepewa chakula. Mweleze mtoto kwamba ni kawaida na kwamba yatapungua, umfundishe kunyonya na kumeza bila kufungua kinywa, na umpe kitambaa cha kujifutia. Kuhusu sauti, zoezi zuri ni kumfanya asome kwa sauti akiwa ameivaa, au ahesabu kuanzia moja hadi hamsini, au aite majina ya wachezaji wenzake kana kwamba anaomba mpira. Mwanzoni maneno hayatatoka sawasawa, lakini ulimi hujifunza nafasi yake mpya upesi. Ikiwa baada ya wiki mbili bado haeleweki kabisa, ukuta wa ndani wa kinga, upande wa ulimi, huenda ni mrefu mno na unahitaji kupunguzwa kidogo.

Hatua ya tano: Kutoka nyumbani hadi uwanjani

Uwanja nao una ngazi zake. Kwanza aruke kamba au azunguke ua mbio akiwa ameivaa, ili ajue kwamba anaweza kuhema bila kukosa hewa. Halafu aivae katika mazoezi ya kupasha misuli, kisha katika mazoezi ya mpira yasiyo na kugongana, na mwisho katika mchezo kamili. Anayefika kwenye mchezo kamili kwa njia hii huwa ameshaisahau kinga kabla ya kupigwa kikumbo cha kwanza.

Zungumza na kocha mapema, kwa heshima na waziwazi. Mwombe aruhusu timu nzima ivae kinga kuanzia kupasha misuli, kwa sababu mtoto anayevaa peke yake hujiona kioja, ilhali wakivaa wote hakuna anayeuliza. Mwombe pia ampange mtoto na mchezaji mkubwa kidogo ambaye ameshazoea. Neno la kaka au dada wa timu, "hata mimi ilinisumbua, sasa siihisi," lina uzito ambao sisi wazazi hatuna. Kama mtoto anaipenda raga, tazameni pamoja mechi za timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, iliyocheza Kombe la Dunia mwaka 2018 kule San Francisco na mwaka 2022 kule Cape Town. Mpe kazi ya kuhesabu wachezaji ambao kinga zao zinaonekana wanapofungua vinywa. Watoto huona mengi wakipewa la kutafuta.

Jihadhari na soksi. Ukikaa kando ya uwanja wa watoto utaona mmoja akiitoa kinga wakati wa mapumziko, akiipangusa kwenye kaptula, akiisokomeza ndani ya soksi iliyojaa vumbi jekundu, na baada ya filimbi kuirudisha kinywani. Kinga ina kikasha chenye matundu, nacho kikae kando ya chupa yake ya maji. Kabla haijarudi kinywani isuuzwe kwa maji safi. Na mpeni ishara moja inayojulikana na kocha, kwa mfano kuinua mkono na kugusa shavu, ya kuomba dakika moja ya kuirekebisha, ili asitafute njia ya kuificha.

Jino likitoka licha ya yote

Kinga hupunguza hatari lakini haiiondoi, kwa hiyo kila mzazi na kocha ajue la kufanya. Jino la kudumu likitoka zima, lishikwe upande wa juu unaoonekana kinywani, kamwe si kwenye mzizi. Kama limechafuka, lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, kisha lirudishwe mara moja katika tundu lake, na mtoto alishikilie kwa kuuma kitambaa safi. Kama haiwezekani kulirudisha, litumbukizwe katika maziwa baridi, na pakiti ya maziwa haikosekani katika duka lolote la karibu. Lisifungwe katika karatasi likakauka, wala lisiwekwe katika maji ya kawaida. Mtoto afikishwe kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa ikiwezekana, na hata kama saa imepita msikate tamaa ya kwenda. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuliumiza la kudumu lililo chini yake. Kama hujui ni la aina gani, lipeleke na mtoto, daktari ataamua.

Kuitunza na kuibadilisha

Kila baada ya kuvaliwa, kinga ioshwe kwa maji ya baridi na mswaki, kwa sabuni kidogo, isuuzwe vizuri na kuachwa ikauke hewani. Maji ya moto huiharibu umbo, na jua pia: kinga iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Kampala, au kwenye paa la mabati la bweni, haitaingia tena kinywani. Isifungwe ikiwa na unyevu ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwa sababu huota harufu, na harufu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtoto aikatae. Kwa wanaolala shuleni, andika jina juu ya kikasha na umweleze matroni kilivyo na kinavyooshwa. Rafiki wa karibu hata awe wa namna gani, kinga haiazimwi.

Ikague mwanzoni mwa kila muhula. Mwambie mtoto aivae na afungue kinywa, kama ulivyofanya siku ya kwanza, kisha itazame kwenye mwanga kama ina tundu, ufa au mahali palipobaki pembamba kama karatasi. Jino jipya likichomoza, kinga iliyozoeleka kwa miezi inaweza kuanza kuuma ghafla, na mtoto aliyekuwa haleti shida akaanza kuisahau nyumbani kila siku ya mazoezi. Ukiona hivyo usianze na maswali ya nidhamu, bali angalia kinywa chake. Kama haimwingii tena, nunua nyingine na urudie hatua ya pili na ya tatu. Mara hii atazihitaji siku chache tu za nyumbani. Ile ya zamani itupwe, isirithiwe na mdogo wake, hata kama inaonekana nzima.